Biashara ya tisheti ukiwa unaishi nje: uachie kampuni ya oda, uwe na fundi nyumbani, au uprinti mwenyewe?

Wengi wanaoishi nje ya nchi zao wanakwama sehemu ileile. Dizaini zipo kwenye laptop, watu wameshaanza kuulizia "unauzaje", jina la biashara lipo na logo ipo, ila nani aprinti na aprintie wapi hapo ndo hapaeleweki. Kiukweli njia zipo tatu, zingine zote ni mchanganyiko wa hizo. Ya kwanza, unaunganisha duka lako na kampuni ya oda ya onlaini, mteja akilipa wao wanaprinti tisheti moja na kumtumia, wewe huigusi kabisa. Ya pili, unakuwa na fundi kwenye nchi uliyotoka, anaprinti mzigo na mtu wako wa kule anauza au anatuma. Ya tatu, unanunua mashine ndogo na unaprinti mwenyewe hukohuko unakoishi.

Watu wanapozilinganisha wanaangalia tisheti moja inatoka kwa shilingi ngapi, basi wameamua. Gharama ina nafasi yake sikatai, ila mtu aliye mbali mi namuuliza kwanza swali lingine: nani anaiangalia hiyo tisheti kwa macho mara ya mwisho kabla haijafika kwa mteja? Mwenye duka anayeshinda dukani hawazi hilo kwa sababu jibu ni yeye. Wewe jibu lako linategemea njia utakayochagua, na malalamiko mengi ya wateja yanaanzia hapo.

Vigezo vya kupimia

Nitazipima zote tatu kwa mambo sita yaleyale. Ruhusa, yaani viza na kodi zinasemaje. Mtaji wa kuanzia. Macho ya mwisho, kama nilivosema. Njia ya mzigo, kutoka kwenye mashine mpaka kwa mteja na ukirudishwa inakuwaje. Njia ya hela mpaka ikufikie mfukoni. Na muda wako mwenyewe.

Ruhusa nimeiweka mbele makusudi maana ndo watu wanairuka. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo Uingereza haruhusiwi kujiajiri wala kufanya biashara, hata iwe ndogo namna gani. Marekani mwenye F-1, yaani viza yao ya masomo, naye anabanwa sana kwenye kazi yoyote ya nje ya chuo. Ujerumani mwanafunzi wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anatakiwa aombe kibali ofisi ya uhamiaji kabla ya kujiajiri. Nchi zingine zina ya kwao, kwa hiyo kabla hujachagua mashine wala kampuni, soma masharti yaliyoandikwa kwenye kibali chako cha kuishi neno kwa neno, na kama hayaeleweki muulize mshauri wa uhamiaji wa chuo au wakili. Usimuulize mshkaji ambaye "mbona yeye anafanya tu", huyo siku ya kuongeza viza hatakuwepo kwenye foleni na wewe.

Upande wa kodi, nchi nyingi zinatumia siku 183 ndani ya mwaka kama kipimo kimojawapo cha kukuhesabu mkazi wa kikodi, na ukishahesabiwa mkazi mara nyingi unatakiwa utangaze mapato yako yote, hata yaliyopatikana nchi nyingine. Kuna mikataba kati ya nchi na nchi ya kuzuia usikatwe mara mbili, lakini haijifanyii kazi yenyewe, unaidai kwa kujaza fomu.

Njia ya kwanza: kampuni ya oda

Hapa zipo za aina mbili na watu wanazichanganya. Kuna zile ambazo duka ni lako na kampuni inafanya kazi ya kiwanda tu, kama Printful, Printify na Gelato, unaziunganisha na duka lako la onlaini kwenye Etsy au Shopify, bei unapanga wewe na mteja ni wako. Alafu kuna zile ambazo duka ni lao, kama Redbubble au Amazon Merch on Demand, unapandisha dizaini, wakiuza wanakupa kipande chako. Hizi za pili kazi ni kidogo ila mteja humjui na kesho huwezi kumtangazia dizaini mpya.

Ruhusa. Kuna uvumi kwamba hii ni "hela inayoingia umelala" kwa hiyo viza haihusiki. Usiutegemee. Unachora, unapandisha, unajibu wateja, unalipia matangazo, afisa akiamua kuiita biashara atakuwa na hoja za kutosha. Kampuni za Marekani pia zitakutaka ujaze W-8BEN kama wewe siyo mkazi wa kikodi wa kule, fomu ya kuonyesha wewe ni mkazi wa kikodi wa nchi gani na kama kuna mkataba wa kodi. Ikishasainiwa inaishi mpaka mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka uliosaini, na ukihama nchi katikati inabidi ujaze upya, hilo la kuhama wanaoishi nje ndo wanalisahau.

Mtaji. Mdogo kuliko zote, stoku huna. Ila mdogo siyo sifuri. Etsy inachukua dola 0.20 kwa kila bidhaa unayoipandisha, inakaa miezi minne, ikiuzika inakata asilimia 6.5 ya alicholipa mteja pamoja na hela ya usafiri, alafu kuna makato ya malipo yenyewe. Chukua mfano wa kubuni: mteja kalipa 30 pamoja na usafiri, kampuni imekutoza 18 kuprinti na kutuma. Etsy wanachukua 1.95 na ile 0.20, umebaki na 9.85, hapo bado makato ya malipo, bado tangazo, na bado yule mmoja atakayesema haijafika. Siyo mbaya, ila anayekwambia faida ni 12 hajapiga hesabu mpaka mwisho. Weka pia hela ya sampuli, angalau tisheti moja ya kila aina ya kitambaa unachotaka kuuza.

Macho ya mwisho. Hapa ndo pagumu, maana ni mfanyakazi wa kiwanda ambaye hajui ulikusudia nini. Yeye anaangalia kama imechapika, haangalii kama ile kijani ndo kijani yako. Printify ni daraja la viwanda vya watu wengi tofauti, kwa hiyo dizaini moja ukibadilisha kiwanda inaweza kutoka na sura nyingine. Printful wana viwanda vyao ingawa na wao wana washirika. Hizi mbili zilitangaza kuungana mwaka 2024.

Kwa kuwa hakuna anayekukagulia, ukaguzi wako wote unahamia kwenye faili. Kosa ambalo linaharibu tisheti nyingi nyeusi ni hili: kwenye kitambaa cheusi mashine inaweka kwanza wino mweupe chini, alafu rangi juu yake, maana bila weupe rangi zinamezwa. Sasa kama dizaini yako ina kivuli laini au mwanga unaofifia pembeni, zile pikseli nusu-wazi nazo zinawekewa weupe chini, kwenye skrini unaona kivuli kizuri cha kuelea, kwenye tisheti unapata pete chafu ya rangi ya maziwa kuzunguka maandishi. Dawa yake ni kukata kingo ziwe kali, au kugeuza kile kinachofifia kuwa vidoti. Kabla hujapandisha weka tabaka la rangi nyeusi chini ya dizaini, kuza picha mpaka uone pikseli mojamoja na uzungukie kingo zote. Saizi ya faili nayo, eneo la sentimita 30 kwa 40 kwa dpi 300 (vidoti 300 kwa kila inchi) ni karibu pikseli 3543 kwa 4724, picha iliyotoka WhatsApp haifiki hapo hata uikuze vipi. Na zile rangi za kuwaka kama taa ambazo skrini inazionyesha, wino wa kawaida hauna uwezo wa kuzitoa, usimwahidi mteja.

Njia ya mzigo. Hii ndo nguvu yake kubwa. Mteja wa Ulaya anaprintiwa Ulaya, wa Marekani anaprintiwa Marekani, mzigo hauvuki mpaka na forodha haikuhusu. Ila hakikisha kitambaa ulichochagua kipo kwenye kiwanda cha upande huo, la sivyo mfumo unaweza kuituma kutoka bara jingine kimyakimya. Kwenye kurudisha, kampuni inabeba ikiwa imechapa vibaya au imetuma saizi siyo, mteja akikosea saizi mwenyewe ni juu yako. Ukiuzia Umoja wa Ulaya au Uingereza ujue mteja wa onlaini ana siku 14 za kubadili mawazo, na tisheti yenye dizaini uliyoitengeneza wewe kabla haihesabiki kama bidhaa iliyotengenezwa kwa matakwa yake binafsi, hata kama imeprintiwa baada ya yeye kulipa. Kwa hiyo ule ujanja wa kuandika "hatupokei marejesho" haukulindi.

Njia ya hela. Inakuja kwa dola au yuro kupitia PayPal, Payoneer au akaunti ya benki. Tatizo la mkazi wa nje ni kwamba duka linasajiliwa kwa nchi, na siyo kila nchi inakubaliwa na mifumo ya malipo kama Stripe, kwa hiyo wengi wanafungua kwa anwani ya huku waliko. Sawa, lakini jina la duka la malipo, jina la benki na jina la kitambulisho viwe vinafanana herufi kwa herufi, kama pasipoti ina majina matatu na benki ina mawili malizana nao mapema kabla hela haijashikwa.

Muda. Kwenye kuprinti hutumii dakika. Muda wote unahamia kwenye kutafuta wateja, na huko hakuna huruma maana unashindana na dunia nzima.

Inamfaa nani: mtu anayehamahama, mwenye wateja waliotawanyika nchi nyingi, au anayetaka kupima dizaini ishirini aone ipi inatembea. Haimfai sana anayejali kitambaa na rangi mpaka usingizi unakata.

Njia ya pili: fundi nyumbani

Ruhusa. Biashara inasajiliwa kule, kwa jina lako au la mshirika. Inaonekana rahisi ila mambo mawili. Kama imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine basi kisheria ni ya huyo mtu, kwa hiyo makubaliano yaandikwe. Na kama unaiendesha kila siku kwa simu ukiwa huku, kodi ya huku na viza ya huku bado zinaweza kukuuliza, kuwa mbali na mashine hakukuondoi kwenye kazi. Ukiwa mwekezaji tu na mwenzio ndo anaendesha kila kitu, hali inaweza kuwa nyingine, hapo ndo pa kulipia ushauri.

Mtaji. Huu ni mkubwa na unalala. Piga hesabu: dizaini tatu, rangi mbili za tisheti, saizi tano, hizo ni aina 30. Weka nne nne tu kila aina una tisheti 120 sakafuni, na nakuhakikishia XXL nyeusi itaisha wiki ya kwanza na S ya njano utaikuta mwakani. Kwenye skrini printi, yaani kusukuma wino kupita kwenye wavu uliobanwa kwenye fremu, kila rangi inataka fremu yake, dizaini ya rangi nne ni fremu nne, gharama ya fremu ni ileile uchape kumi au mia tano, kwa hiyo inalipa kwenye idadi kubwa na dizaini za rangi chache. Kuna njia ya katikati ambayo naipenda: dizaini inaprintiwa kwa wingi kwenye filamu za DTF, plastiki ambayo chapa yake inahamishiwa kwenye kitambaa kwa joto, tisheti zinakaa tupu, oda ikija fundi anagonga filamu kwenye saizi iliyotakiwa. Filamu zikitunzwa pakavu zinakaa miezi, na ile S ya njano inabaki tupu, unaweza kuipa dizaini nyingine.

Macho ya mwisho. Ni ya fundi, na hapo ndo shida inapoanzia. Fundi asijikague mwenyewe. Siyo kwamba hana uaminifu, ni kwamba aliyeisimamia kazi tangu asubuhi haoni tena kasoro zake, na pia tisheti ikikataliwa ni hasara yake. Tafuta mtu wa pili, hata wa kulipwa kwa tisheti, kazi yake kukagua tu. Alafu tengenezeni sampuli mbili zinazofanana, moja ibaki kwa mkaguzi, moja uje nayo au utumiwe huku, ili mnapobishana kwenye simu kila mtu awe ameshika kitu hichohicho mkononi.

Video peke yake haitoshi, kamera ya simu inarekebisha rangi yenyewe na inaficha mengi. Omba vitu vinavyopimika. Rula iwekwe kutoka chini ya kola mpaka inapoanza chapa, kwenye tisheti ya mtu mzima mara nyingi inakuwa sentimita 7 hadi 9, muhimu ifanane kwenye mzigo wote. Omba avute chapa kwa mikono miwili ikiwa imeshapoa, ikipasuka kama udongo mkavu wino haujaiva, plastisol, ule wino wa skrini printi, inataka kama nyuzi 160 za Selsiasi mpaka chini kwenye kitambaa, siyo juu tu. Omba moja ifuliwe na ianikwe kabla mzigo mzima haujafungwa, siyo baada. Uliza na uzito wa kitambaa, tisheti ya gramu 180 kwa mita ya mraba na ya 140 kwenye picha ni pacha, mwilini siyo. Mafundi wakiambiwa "nunua tisheti nyeusi" watanunua iliyopo sokoni siku hiyo, na siku nyingine itakuwa nyingine, kwa hiyo andika uzito, kitambaa na aina ya kola.

Njia ya mzigo. Wateja wakiwa kulekule nyumbani hapa hakuna anayeishinda, mzigo unazunguka ndani ya nchi na bei inaendana na mifuko ya watu. Wateja wakiwa nje hesabu inageuka. Tisheti ya kawaida ya M ina kama gramu 150 hadi 180, kwa hiyo kilo moja ni tano au sita hivi, na makampuni ya kusafirisha vifurushi yanalinganisha uzito wa mizani na wa ukubwa, urefu mara upana mara kimo kwa sentimita gawanya kwa 5000, kikubwa ndo unacholipia. Boksi lenye hewa ni hela. Forodha nayo imebana: Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wa VAT kwa vifurushi vidogo tangu 1 Julai 2021, na Marekani tangu 29 Agosti 2025 imesimamisha ule msamaha wa ushuru kwa mzigo usiozidi dola 800 kwa nchi zote. Tisheti zinaingia kwenye namba ya forodha 6109, za pamba 6109.10, mwambie anayejaza fomu aandike hivyo na bei ya kweli, na lebo ya ndani ionyeshe kitambaa ni cha nini na kimetengenezwa wapi. Kuandika "zawadi" kwenye mzigo wa kuuza ni kutafuta kesi.

Njia ya hela. Mtaji unatoka huku kwenda kule, faida inabaki kule kwa fedha ya kule. Kama una mpango nayo kule, unajenga au unasomesha mtu, safi sana, hujakatwa kurudisha. Kama unaitegemea kulipia kodi ya chumba huku, kila uhamisho unakula kidogo na thamani ya fedha inaweza kuyumba katikati. Na hili la ndugu niliseme wazi: kama anayeuza ni mdogo wako au binamu, hela ya biashara na ya matumizi zisikae kwenye namba moja ya simu. Ndugu anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado stoku isieleweke, kwa sababu shangazi kapewa moja, rafiki kakopeshwa mbili, na hakuna aliyeandika. Mlipe kwa kila tisheti iliyouzwa na hela ikaonekana, mwisho wa mwezi mhesabu stoku pamoja kwa video, mkunjuo kwa mkunjuo, bila kuoneana aibu.

Muda. Simu za usiku. Tofauti ya saa ikiwa kubwa, fundi anauliza swali wewe umelala, ukiamka yeye kafunga, kitu cha dakika tano kimekula siku mbili. Kwa hiyo maelekezo yote yakae kwenye karatasi moja yenye picha, vipimo na rangi, siyo kwenye voisi nouti kumi na nne.

Inamfaa nani: mwenye soko nyumbani, mwenye mtu wa kuaminika asiyeprinti mwenyewe, na mwenye hela inayoweza kulala miezi kadhaa bila kumnyima usingizi.

Njia ya tatu: uprinti mwenyewe huko uliko

Ruhusa. Hii ndo inayoonekana wazi zaidi, unazalisha na kuuza ndani ya nchi, hakuna pa kujificha. Kama kibali chako kinaruhusu kujiajiri, usajili wa mtu mmoja katika nchi nyingi siyo mgumu, Uingereza kwa mfano mapato ya biashara yasiyozidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi kwa kawaida huhitaji hata kuyatangaza. Soma na mkataba wa nyumba, wapangishaji wengine hawataki biashara ndani.

Mtaji. Wa kati. Hitipresi, yaani mashine ya kugandamiza chapa kwa joto, ya sentimita 38 kwa 38, tisheti tupu kiasi, na filamu za DTF unaziagiza kwa wenye mashine kubwa, unawatumia faili wanakutumia roli. Printa ya DTF yenyewe usikimbilie kununua. Wino wake mweupe una chembe nzito zinazotuama chini, mashine inataka ifanye kazi mara kwa mara, ukisafiri kwenda kuwaona wazazi wiki tatu ukirudi kichwa cha kutoa wino kimeziba, na kichwa ndo kipande cha bei. Ile ya sablimesheni, ya wino unaogeuka mvuke kwa joto na kuingia kwenye kitambaa, inaonekana rahisi ila inakubali poliesta tu, tena ya rangi nyeupe au iliyopauka, kwenye pamba nyeusi hupati kitu.

Macho ya mwisho. Ni yako, basi. Kwa hili haishindiki. Unaona uzi uliotoka, unaona chapa imekaa upande, unaitoa kabla haijafungwa. Kazi yenyewe ina utaratibu wake: unapitisha roli la gundi kuondoa vumbi, unagonga tisheti tupu sekunde chache itoe unyevu, unapanga filamu, unagonga kwenye nyuzi 150 hadi 160 kwa sekunde 10 hadi 15 au vile aliyekuuzia filamu alivyoandika, unaacha ipoe kama ni ya kubandua baridi, unabandua taratibu kutoka kwenye kona, alafu unagonga tena ukiwa umeweka karatasi ya kuokea juu ili ishike. Unyevu ukibaki, kona zinanyanyuka baada ya kufua mara mbili tatu, na mteja hatajua ni unyevu, atajua ni wewe.

Njia ya mzigo. Ndani ya nchi uliyopo ni posta ya kawaida na marejesho yanarudi mlangoni kwako, unabadilisha saizi siku hiyohiyo. Kutuma nyumbani ni ghali na ushuru wa kule unaweza kuwa mkali kuliko bei ya tisheti, usiitegemee kwa soko hilo.

Njia ya hela. Nyepesi kuliko zote, mteja analipa kwa benki ya hapohapo. Fungua tu akaunti tofauti, maana hela za tisheti zikichanganyika na mshahara hata wewe mwenyewe hutajua kama unapata au unapoteza.

Muda. Inakula. Sekunde 15 za mashine zinadanganya, ukihesabu kupanga, kupoa, kukunja, kufunga na kwenda posta, tisheti moja ni dakika kadhaa, na oda ya watu arobaini inayotakiwa Jumamosi ina maana Ijumaa usiku hulali. Hitipresi pia inavuta umeme kama birika, usiviwashe pamoja kwenye soketi moja.

Inamfaa nani: mwenye kibali safi, mwenye nafasi ya meza moja isiyohamishwa, na wateja walio karibu naye, vikundi, makanisa, misikiti, timu, harusi, jumuiya za watu wa kwao.

Kitu kimoja kinachohusu zote

Fonti ya bure mara nyingi ni bure kwa matumizi binafsi, ukiuza unatakiwa uilipie, soma faili la leseni lililokuja nayo. Na maneno unayotaka kuyachapa yatafute kwanza kwenye kanzidata za alama za biashara, daraja la 25 ndo la nguo, WIPO, shirika la miliki bunifu la Umoja wa Mataifa, wana kanzidata ya bure inayokusanya nchi nyingi. Kwa kampuni za oda hili lina uzito zaidi kwa sababu mwenye alama akilalamika dizaini inashushwa, na wakati mwingine akaunti nzima inaondoka nayo.

Uchague ipi kwa hali yako

Viza yako hairuhusu kujiajiri: hakuna kati ya hizi tatu ya kuanza kuuza leo. Chora, jenga mkusanyiko wa dizaini, agiza sampuli kwa ajili yako mwenyewe, na kama kuna mtu nyumbani anataka kuanzisha ya kwake, ongea na mshauri ujue mchango wako unaruhusiwa mpaka wapi.

Kibali kipo ila utahama nchi ndani ya mwaka: kampuni ya oda. Mashine na stoku havifungiki kwenye begi. Siku ya kuhama badilisha anwani ya duka na ile fomu ya kodi kabla hujabadilisha benki, maana ukifunga akaunti ya zamani kabla mpya haijathibitishwa malipo yanakwama katikati.

Wanaokuulizia wengi wapo nyumbani: fundi nyumbani, kwa filamu na tisheti tupu, dizaini moja au mbili tu mwanzoni. Kama bado huna mkaguzi asiye fundi, subiri umpate.

Wanaokuulizia wapo mji mmoja na wewe na wanaagiza kwa makundi: mwenyewe, kwa hitipresi. Kama ni kundi moja kubwa kwa mwaka, mashine ya nini, peleka kwa mwenye duka la kuprinti wa hapohapo nenda ukakague kabla ya kulipa salio.

Wametawanyika, wawili huku, watatu kule, na hujui nani atanunua tena: kampuni ya oda, ukiwa tayari kupata kidogo kwa kila moja. Dizaini itakayojirudia kwenye oda ndo unaipeleka kwa fundi au kwenye meza yako, zingine ziache hukohuko.

Unafanya kazi ya kuajiriwa masaa mengi: kampuni ya oda au fundi, kutegemea wateja wako wapo wapi. Kuprinti mwenyewe baada ya shifti ya usiku ndo kunakozaa tisheti zilizopinda. Na soma mkataba wa mwajiri kwanza, wengine wanataka waambiwe kabla hujaanza biashara ya pembeni.

Umebaki kati ya mbili na vigezo vyote vimelingana: agiza tisheti ileile, dizaini ileile, rangi nyeusi, kutoka kila upande, kwa anwani ya rafiki ambaye hawamjui kama ni wa kwako. Zifuliwe mara tano zikiwa zimegeuzwa ndani nje, alafu uzipange mezani zote mbili umuulize mtu asiyejua ipi imetoka wapi angenunua ipi.